Mama Maabara na Mjusi wa Chini ya Magogo

Mama Maabara aliogopa vyura. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza tulilolijua juu yake, sisi wanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule moja ya sekondari pale Kilosa, na kwa sababu watu wakisikia kwamba mtu fulani ametunza maabara ya baiolojia miaka mingi, hudhani hakuna mdudu wala mnyama anayemtisha. Siku ya kupasua chura alikuwa akitupangia visu, pamba na sahani za bati, halafu anatoka nje na kusimama uani, mgongo kwetu, mpaka mwalimu aite, "Mama, tayari." Hapo ndipo anaingia na koleo refu la jikoni, anaokota mabaki moja moja huku ameupinda uso kama mtu anayegeuza samaki kwenye mafuta ya moto.

Mjusi, kinyume chake, alimshika kwa vidole vitupu. Alimshika kwa upole ambao sisi binadamu hatukuupata kwake. Wanafunzi alitufokea, chupa ilipovunjika alitufokea zaidi, kisha mkuu wa shule akija kuuliza nani kavunja, anasema ni yeye, mkono umeteleza. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Sisi tulimwita Mama Maabara, walimu wakamwita hivyo hivyo, na siku ya mazishi ya mumewe hata aliyeshika kipaza sauti alimtaja hivyo, watu wakacheka katikati ya kilio, na yeye mwenyewe akacheka.

Shule ilimwajiri kuosha vyombo na kufuta vumbi kwenye chupa za vielelezo. Mwenyewe alikuwa ameishia kidato cha pili. Lakini mtu hawezi kufuta vumbi kwenye chupa hizo hizo mwaka baada ya mwaka bila kutazama kilichomo, na yeye alitazama. Alisoma karatasi zilizobandikwa juu yake, akagundua nyingine zimekosewa. Hakumwambia mtu. Alifanya mambo yake kimyakimya. Nakumbuka mwalimu mmoja aliandika ubaoni kwamba mijusi wote hutaga mayai. Mama Maabara alipita nyuma yetu na ndoo, akatoka, akarudi na chupa moja, akaiweka mezani kwa mwalimu na kuendelea kudeki. Ndani mlikuwa na mjusi jike aliyepasuliwa tumbo, na watoto wake wamejikunja mle, wana miguu na mikia kamili. Mwalimu aliitazama chupa, akautazama ubao, akafuta lile neno "wote". Mama hakuinua kichwa.

Mimi alinipata kwa sababu ya uvivu wangu. Nilikuwa na adhabu ya kufagia maabara, nikaona mjusi ukutani, nikaita, "Mama, mjusi kafiri huyu hapa!"

"Nani kakwambia ni kafiri?"

"Kila mtu anamwita hivyo."

"Mimi sijakuuliza kila mtu. Mtazame macho. Anafumba?"

Nikasimama pale na fagio mpaka shingo ikauma. Mjusi hakufumba. Alitoa ulimi akajilamba jicho.

"Hana kope," nikasema.

"Haya. Vidole vyake?"

"Vipana mwishoni."

"Magamba?"

"Madogo madogo. Kama punje za mchanga."

"Sasa mwite kafiri. Jina ni la mwisho, binti. Wewe umeanza nalo."

Baadaye nilikaa chuo kikuu miaka mingi kujifunza uainishaji wa wanyama watambaao, nikafundishwa na watu wenye vyeo virefu, na sikusikia kanuni iliyozidi ile. Kwanza utazame, halafu uhesabu, halafu ulinganishe na wale wanaojulikana. Jina ni la mwisho. Neno jingine alilolipenda ni "hesabu tena." Ukimpa jibu sahihi alisema hesabu tena, ukimpa jibu baya alisema hesabu tena, na hukuweza kujua umepatia au umekosea mpaka umehesabu mara tatu.

Pamoja na hayo yote, nyumbani kwake mjusi kafiri alimuua kwa ufagio. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, na tangu utotoni alikuwa amefundishwa kwamba kumuua kafiri kuna thawabu. Nilimwona kwa macho yangu, siku nilipompelekea ndizi kutoka kwa mama yangu. Nikashangaa. Nikamwambia juzi tu amemchapa kijana aliyempiga mjusi jiwe pale shuleni.

"Pale ni kazini," akasema, akimsukuma mjusi nje kwa ncha ya ufagio. "Hapa ni kwangu."

Nilidhani anatania. Alinitazama sana, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nikishamuua huwa naomba radhi. Sijui naomba kwa nani, lakini naomba." Hatukulizungumza tena jambo hilo.

Alikuwa na madaftari, yale ya kawaida ya wanafunzi, yenye jedwali la kuzidisha nyuma. Humo alichora mijusi kwa penseli, gamba kwa gamba. Ukimwambia achore nyumba au mtu ilikuwa kichekesho, kuta zimelala, mikono imeota shingoni. Ukimpa mjusi, mkono wake unakuwa wa mtu mwingine. Chini ya kila picha aliandika mwezi, mahali, na hali ya hewa. Majina ya kisayansi aliyoyaokota kwenye chupa aliyaandika kama alivyoyatamka, kila neno likiishia na irabu, na mpaka leo nikiyasikia yakitamkwa na wageni mikutanoni, sikio langu hungojea ile irabu ya mwisho.

Nilikuwa nimeanza kazi ya utafiti aliponipigia simu. Alikuwa amestaafu, amerudi shambani kwake kwenye vilima vya upande wa Mamboya, analima mahindi na maharage, na Kikaguru ndicho kilichokuwa kinywani mwake siku nzima, hata Kiswahili chake kilikuwa kimepungua kasi. Nilimsalimia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza mama, akauliza kazi, akauliza mvua za huko niliko. Kisha akasema:

"Nimempata mmoja simjui."

Kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kusikia akisema hivyo juu ya mjusi. Nilipanda basi kesho yake.

Alinipeleka mwenyewe. Tulitembea tangu asubuhi, yeye mbele na jembe begani ili wanaotuona wadhani tunakwenda shamba, mpaka kwenye kipande cha msitu kilichobaki kwenye kichwa cha bonde, mahali kijito kinapoanzia. Hapakuwa pakubwa. Ungeweza kuuzunguka msitu ule kabla ya chai yako kupoa. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya majani yaliyooza, na magogo ya zamani yamelala huku na huku yameota kuvu. Aliinama mbele ya gogo moja, akaliinua kidogo kwa jembe, akaniita kwa mkono.

Alikuwa pale. Mwembamba kama penseli, mgongo wa rangi ya shaba, tumbo la rangi ya embe bivu, mkia umepigwa mistari ya buluu. Alitutazama, akafumba jicho, akaingia kwenye majani kama maji yanavyoingia mchangani.

"Safu za magamba ishirini na sita kuzunguka tumbo," Mama akasema. "Wale wengine wanaofanana naye wana ishirini na nane. Na huyu sikio lake limefunikwa."

Tulimkamata mmoja kwa kibali nilichokuwa nacho, nikahesabu palepale kwa lenzi ya mkono, nikapata ishirini na nane. Nikamwambia. Hakubisha. "Hesabu tena," akasema. Nilihesabu tena wiki mbili baadaye, chini ya hadubini, kwenye chumba chenye kiyoyozi, mara tatu. Ishirini na sita. Mwanamke yule alikuwa amehesabu kwa macho ya uzeeni, kwa mwanga wa dirisha la jikoni, na mjusi yuko hai mkononi mwake.

Kabla hatujatoka msituni alilirudisha gogo kama lilivyokuwa, upande uleule, akafukia nyayo zetu kwa majani. Kisha akasimama mbele yangu.

"Utaandika," akasema. "Najua. Ndiyo kazi yako, na mimi nimekuita uandike. Lakini mahali usiseme."

"Sitasema, Mama."

"Sema Kilosa. Kilosa ni kubwa, watatafuta mpaka wachoke. Hapa usipaseme."

"Mama, nimekuahidi."

"Haya," akasema, akaliweka jembe begani.

Sasa nieleze nilichokifanya, na nitajitahidi nisijipambe. Kumwelezea mnyama mpya kwa ulimwengu kuna utaratibu wake. Unachagua kielelezo kimoja ambacho jina lote litategemea, unakiweka makumbusho, unaandika kila kipimo cha mwili wake, unamlinganisha na ndugu zake, unapeleka vinasaba vikasomwe, na unataja mahali alipopatikana. Mahali hapo huandikwa kwa namba za ramani, sahihi kiasi kwamba mtu aliye upande wa pili wa dunia anaweza kuja na simu yake akasimama juu ya gogo lenyewe. Niliziandika zile namba. Niliweka na ramani ndogo yenye nukta nyekundu.

Kwa muda mrefu niliwaambia watu, nikajiambia na mimi, kwamba jarida lilinilazimisha. Si kweli. Kwa mnyama wa mahali padogo, anayeweza kutafutwa na wafanyabiashara wa wanyama hai, mwandishi anaweza kuomba mahali pafichwe, atajwe wilaya tu, na namba zihifadhiwe makumbusho kwa wanaohusika. Nililijua hilo. Barua ya kuomba ingechukua asubuhi moja kuiandika. Lakini ingezua maswali, maswali yangechukua wiki, pengine miezi, na mimi nilikuwa nawania nafasi chuoni na nilitaka makala ile itoke kabla ya usaili. Sikuomba. Hiyo ndiyo habari yenyewe, haina kona nyingine.

Na kuna jingine. Nilikuwa nimetaka mjusi apewe jina la Mama. Alikataa kabisa, akasema jina lake litawaonyesha watu mlango wa kubisha. Basi nilichukua kukataa kwake nikakugeuza ruhusa. Mwishoni mwa makala, mahali pa shukrani, niliwashukuru "wenyeji wa eneo hilo." Mtu aliyemtambua mjusi, aliyehesabu magamba, aliyenifundisha mimi kuhesabu, nikamwita wenyeji.

Makala ilitoka. Picha ya yule mwenye mkia wa buluu ilizunguka kwenye simu za watu. Nilipongezwa. Nafasi nikaipata. Nilimpigia Mama kumpa habari, naye alifurahi kweli, akapiga kigelegele kimoja kifupi ndani ya simu, akauliza, "Na mahali?"

"Nimeandika Kilosa, Mama," nikasema.

Na ni kweli neno Kilosa nililiandika. Lilikuwa kwenye mstari uleule wa zile namba.

Hawakukawia. Miezi michache tu ilikuwa imepita nilipoona simu yake ikiita, nami niko kwenye kikao. Ilipita. Ikaita tena jioni. Siku ya pili ikaita mara mbili. Mama hakuwa mtu wa kupiga simu ovyo, na moyo wangu ulikwisha kujua kabla masikio hayajaambiwa, ndiyo maana sikupokea. Siku ya tatu uliingia ujumbe, herufi kubwa zote, kwa sababu hakujua kuzipunguza: WANAGEUZA MAGOGO YOTE.

Nilijibu, "Pole sana Mama, nitafuatilia." Nikaandika barua moja kwa ofisi moja, ikajibiwa kwamba suala limepokelewa, nikaliacha hapo.

Habari kamili niliipata vipande vipande, kutoka kwa watu wa kule. Walikuja wanaume wawili na gari, wakakodi vijana wa kijijini na majembe. Walikuwa na karatasi yenye ramani. Mmoja wa vijana wale alimpelekea Mama karatasi hiyo amsomee, kwa kuwa ndiye aliyejulikana kwa kusoma mambo ya mijusi. Mama aliisoma. Juu kabisa palikuwa na jina langu. Alikwenda msituni akasimama mbele ya magogo, akawaambia wanachokifanya hakifai. Mwenyekiti wa kitongoji akamwambia msitu si wa baba yake, na watu wamepata kibarua. Waligeuza kila gogo, mengine wakayapasua kwa shoka, jua likaingia mahali ambapo halijawahi kuingia. Walipoondoka, mama yule, na magoti yake mabovu, alikwenda kila siku kurudisha magogo upande wake. Alikuwa peke yake. Alifanya hivyo mpaka magoti yakakataa. Mimi nilikwenda baadaye na wanafunzi wawili, tukatafuta siku tano. Hatukumwona hata mmoja. Nilipita njia ya bondeni ili nisipite kwake.

Ikapita zaidi ya miaka miwili. Nikasikia binti yake amemhamishia Mikumi, ambako yeye binti anauza chakula kando ya barabara kuu, kwenye maegesho ya malori yaendayo Zambia. Nilikuwa na safari ya Kilosa kumwona mama yangu. Nilipofika kituoni asubuhi ya kurudi, badala ya treni nikapanda basi la Mikumi. Sikuwa nimepanga. Kama ningepanga nisingekwenda.

Nilifika saa ya chakula. Kibanda kilikuwa kimejaa madereva, moshi wa kuni, harufu ya vitunguu. Binti yake alinitazama nilipouliza, mwiko mkononi.

"Wewe ndiye yule wa mijusi?"

"Ndiye mimi, dada."

Alielekeza kwa mwiko nyuma ya pazia. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anachambua mchele. Amekonda, kilemba kimemzidi kichwa. Nilipiga magoti kumsalimia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba." Akaendelea kuchambua. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Watoto?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

"Keti basi, usipige magoti kwenye majivu."

Nikaketi. Nilikuwa nimetayarisha maneno ndani ya basi, mazuri, yenye sababu zake. Nilipofungua mdomo yakatoka machache tu.

"Mama, ningeweza kuomba wapafiche. Sikuomba. Wala hakuna aliyenikataza."

Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Najua," akasema. "Alikuja mwenzako mmoja na wanafunzi, wa mambo ya ndege. Nikamuuliza, nyie mkiandika, mahali hapafichiki? Akasema panafichika, ukiomba." Akaokota kijiwe kingine. "Kabla yake nilikuwa nakutetea. Mwaka mzima. Watu wakisema, mwanao ndiye kawaleta, nasema hapana, mwanangu kalazimishwa, nyie mnamjua kuliko mimi? Niligombana na watu kwa ajili yako."

Nilisema, "Nisamehe, Mama."

Hakusema nimekusamehe na hakusema sikusamehe. Alimwita binti yake anipe chakula. Uliletwa ugali na nyama na mchicha, na binti aliiweka sahani mbele yangu kwa kishindo. Mama akamwambia kwa Kikaguru neno moja fupi, binti akarudi na maji ya kunawa, safari hii akayamimina taratibu.

Tulizungumza habari za magoti, habari za bei ya mchele, habari za tembo waliovuka barabara wiki ile na kuyasimamisha malori. Alianza kuchangamka. Mkono wake ulikuwa ukizunguka ndani ya ungo bila kusita. Kisha, kwa sauti ileile ya habari za tembo, akasema:

"Juzi nilikwenda kwenye harusi ya mjukuu wa dada. Ngoma ilikuwa haijaanza. Nikasema nitembee kidogo nyuma ya nyumba, kuna kijito. Nikaona gogo." Akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimefika. "Nikaliinua kwa fimbo yangu hii. Nikamwona. Si mmoja. Yuko na wanawe."

"Wapi?" nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuinama mbele, mkono uko kwenye mkoba, na mkobani mna kalamu. Nyuma yangu nilisikia mwiko ukisimama ndani ya sufuria.

Mama alinitazama. Hakukasirika. Alinitazama jinsi alivyotazama vitu vyote, kwa kirefu, mpaka akamaliza. Halafu akaisogeza sahani karibu yangu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Kinapoa."

Nikautoa mkono kwenye mkoba. Nikala. Nilikula mpaka sahani ikawa tupu, sikuinua uso, naye akaendelea kuchambua mchele wake na kunisimulia harusi, bwana harusi alivyochelewa, bibi harusi alivyokataa kuvaa viatu. Alisimulia kila kitu isipokuwa ilikofanyika.